Wanyika Hawa na Wanyika Wale

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33 za kona, na zinatosha kabisa kwa ubishi mmoja wa muziki. Dereva wa basi akiweka "Sina Makosa", hakosi abiria wa kusema hao ni Simba Wanyika. Atatokea wa pili amsahihishe kuwa ni Les Wanyika, na wa tatu, aliyekuwa amesinzia tangu mwanzo wa mlima, ataamka Soni, aape kwamba ni Super Wanyika, kisha arudi usingizini akiwa ameshinda kesi. Wajuzi wa zilipendwa huwacheka sana watu wa namna hii. Mimi nawatetea. Wimbo ni wa Les Wanyika, hilo halina mjadala, lakini anayewachanganya Wanyika ana sikio zima kuliko anayemcheka. Alichokikosea ni jina, na majina hayo yalitungwa kana kwamba yalikusudiwa kukosewa.

Tuanze na ukoo. Ndugu wa Kinyonga, yaani Wilson, George na William, walitoka Tanga, mkoa huu huu wenye Lushoto. Walipigia Jamhuri Jazz, wakapitia Arusha, na mwaka 1971 wakaanzisha Simba Wanyika jijini Nairobi. Mwaka 1978 wenzao kadhaa, wakiwamo mpiga gitaa Omar Shabani, mpiga besi Tom Malanga na mpiga dramu Rashid Juma, walijitenga wakaunda Les Wanyika, ambako John Ngereza alikuja kuwa sauti inayotambuliwa hata na asiyelijua jina lake. Hilo "Les" ni la Kifaransa, ingawa hakuna aliyetoka Ufaransa. Zama zile bendi isiyonukia Kinshasa kidogo ilionekana haijaoga. Issa Juma, mwimbaji aliyeondoka pamoja nao, hakukaa sana, naye akajitoa na kuunda Super Wanyika. Sasa mwambie abiria wetu kwamba amekosea. Gitaa, besi na dramu alizozizoea kwa Simba Wanyika kabla ya 1978 zilihama na wenyewe. Yeye ameitambua mikono, na mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni karatasi iliyobandikwa katikati ya santuri. (Tena kwa Msambaa nyika ni kule chini kwenye joto na mbu. Akiletewa makundi matatu yote ya nyika, anaona ni haki yake kutoyatofautisha.)

Atakayesema hilo ni tatizo la masikio ya Watanzania, atazame kilichotokea Dar es Salaam mwaka ule ule wa 1978. Wanamuziki waliotoka Juwata Jazz na kwingineko walianzisha Mlimani Park Orchestra, wakajipa jina jipya kabisa, la baa waliyokuwa wakipigia. Mlima wenyewe ni mwinuko ambao mtu wa Lushoto angeuita tuta, lakini jina halikufanana na la mtu. Matokeo yake, wapenzi wa Msondo (ndiyo Juwata) na wa Sikinde (ndiyo Mlimani Park) wametaniana na kununiana kwa miongo, ila sijui nani aliwahi kuzidhani ni bendi moja, japokuwa Muhiddin Gurumo aliimba huku na kule. Msikilizaji ni yule yule, mgawanyiko ni wa mwaka mmoja, ila jina tofauti likaondoa mkanganyiko. Msondo wenyewe waliutengeneza mkanganyiko wa kinyume chake: bendi moja iliitwa Nuta Jazz, ikawa Juwata, ikawa Ottu, ndipo ikatulia kwenye Msondo Ngoma. Babu na mjukuu wanaweza kubishana jioni nzima kuhusu bendi hiyo, na wote wawili wakawa sahihi.

Kwa nini basi wale wa Nairobi hawakutafuta jina jipya? Kwa sababu hawakuwa wajinga. Jina lililokwisha kusikika redioni lilikuwa mtaji, na anayeondoka kwenye bendi hana haki ya kubeba vyombo, lakini nusu ya jina hubebeka bila gari. Mnunuzi wa santuri akiona neno Wanyika, mkono unaingia mfukoni kabla macho hayajamaliza kusoma. Kumlaumu mnunuzi huyo baadaye kwamba hakusoma neno la kwanza ni kumwonea.

Wala tusidhani wasomi wangefanya vizuri zaidi. Katika misitu ya Usambara Magharibi na Usambara Mashariki (majina mengine ya kutesa wageni) wamo vinyonga wenye pembe mbili puani. Kwa miaka mingi wanasayansi, wenye darubini na mishahara, waliwaweka wote chini ya jina moja la spishi, fischeri, pamoja na wenzao wa milima ya Nguu na ya Taita. Mwaka 2008 ndipo walipotenganishwa rasmi, ikabainika kwamba fischeri wa kweli hayupo Usambara hata mmoja. Jenasi yao inaitwa Kinyongia. Ikiwa vinyonga waliokaa kimya mtini waliwachanganya maprofesa kiasi hicho, abiria wa Soni angewezaje na akina Kinyonga waliokuwa na magitaa?

Kuna watakaosema kwamba hoja yangu inafaa kwa Wanyika tu, kwa kuwa walikuwa ndugu wa damu ya muziki, na kwamba wengine hufanana majina kwa bahati. Watanitajia Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vya Tanga. Ajabu ni kwamba mfano huo unanisaidia mimi. Shakila aliimba Black Star, kisha akaimba Lucky Star. Basi anayesikia sauti yake na kuchanganya nyota, sauti haijamdanganya. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilipotoa nyimbo za vikundi hivyo, iliviweka vyote viwili kwenye albamu moja na kuiita Nyota. Sijaona suluhisho la uvivu zaidi, wala la busara zaidi.

Pingamizi ninaloliheshimu ni la pesa. Jina likikosewa, mirabaha nayo inaweza kupotea njia, na mjane wa mpiga besi hali sifa za mwenzake. Kweli kabisa, lakini abiria hajazi fomu za mirabaha. Mwenye wajibu huo ni mtangazaji, ambaye ana muda, meza na orodha ya nyimbo mbele yake, kisha anatuambia tu kwamba "hao ni Wanyika" na kwenda kwenye tangazo la sabuni. Aache majina ya bendi, atutajie watu: nani kapiga solo, nani besi, nani kaimba. Ila siku akisema gitaa ni la Kinyonga, ajiandae kwa simu za wasikilizaji wakiuliza ni yupi, maana walikuwa watatu.