Sifa za Lugha Isiyo na Haya

Mafundi wa programu wanapokutana hapa Mwanza, lipo jina ambalo likitajwa watu hukohoa kwanza: PHP. Kijana aliyeanza kujifunza jana anajua kuidharau kabla hajajua kuitumia. Mimi kazi yangu iko Igoma, kwa wenye maduka ya saruji, gesti na vipuri, wanaotaka mfumo wiki hii na kulipa mwezi ujao. Nimeona si haki lugha inayotulisha ikose hata mtu mmoja wa kuisifu.

Nianze na ukoo. Lugha nyingine zina nasaba ya vyuo vikuu na kamati za maprofesa. PHP ilianza mwaka 1994 kwa Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, aliyetaka kujua ni nani anayechungulia wasifu wake wa kazi kwenye intaneti. Hakukusudia kuunda lugha. Alitengeneza vijiprogramu vya kuhesabu wageni, mwaka 1995 akavigawa bure, watu wakaongeza hiki na kile, hata siku moja ikaonekana kwamba hii sasa ni lugha. Nakubali, hiyo si nasaba, ni umbea. Lakini umbea umejenga mengi kuliko kamati.

Tazama busara yake ya majina. Kuna strpos, bila mstari chini. Kuna str_replace, yenye mstari chini. Ukitafuta neno ndani ya sentensi kwa strpos, unatanguliza sentensi. Ukitafuta kitu ndani ya orodha kwa in_array, unatanguliza kitu. Wenye roho nyepesi huuita uzembe. Lerdorf mwenyewe aliwahi kueleza kwamba siku za mwanzo majina hayo yalipangwa ndani ya mashine kwa idadi ya herufi, ikabidi yatofautiane urefu ili yasirundikane mahali pamoja. Yaani jina kama htmlspecialchars lilipewa urefu ule kwa makusudi! Hayo ni malezi bora: baada ya miaka kumi ya kazi, fundi wa PHP bado anafungua mwongozo kila asubuhi, na kiburi hakimpati.

Na imani yake! Kanda hii sangara ni fedha. Viwanda vya minofu, mitumbwi na malori ya barafu vyote vinamtegemea. Ila kwa miaka mingi ukiiuliza PHP kama neno "sangara" ni sawa na sifuri, ilijibu kuwa ni sawa. Iliona upande mmoja ni namba, ikaligeuza na neno liwe namba, haikukuta tarakimu yoyote, ikaamua ni sifuri na kuendelea na kazi. Toleo la 8 la Novemba 2020 likaja kuiharibu tabia hiyo, na sasa sangara si sifuri tena. Wavuvi wanaolalamikia kupungua kwa samaki ziwani wangewaambia watengenezaji wake mapema kwamba wanawahi mno kurekebisha.

Sifa yake kubwa, na hii naisema bila utani mwingi, ni usahaulifu. Kila ombi linapoingia, PHP inaamka, inasoma faili tangu mstari wa kwanza, inajibu, inakufa, na kila ilichokuwa nacho kichwani kinakufa nayo. Wasomi wanasikitika: nguvu nyingi hupotea kwa kuanza upya. Wasomi hao hawajawahi kuwapo Igoma umeme ukikatika saa tisa alasiri na duka la saruji lina foleni. Umeme ukirudi na XAMPP, kifurushi kinachoiendesha kwenye kompyuta ya duka, ikafunguliwa, PHP haina majonzi yoyote ya yaliyopita. Hifadhidata, MySQL, ndiyo hugoma kuwaka, lakini leo siisifu MySQL.

Wenzake wana madeko. Java inataka kila kitu kitangazwe kwanza. Python inakasirika nafasi moja ikizidi mwanzoni mwa mstari. JavaScript ya siku hizi inakumalizia bando kwa kupakua maelfu ya mafaili kabla hujaandika lako la kwanza. PHP unapewa na mwenzako kwenye flashi. Ukibadili mstari unahifadhi, unafungua ukurasa upya, basi. Nimemwona mtu akirekebisha risiti za mteja kwa simu, moja kwa moja kwenye seva, ndani ya daladala kati ya Nyakato na Mabatini. Aliposhuka mjini mfumo wote ulikuwa umezimika, lakini kasi ile nani ataikana?

Sijagusa ukarimu. Mafunzo ya zamani yalituelekeza kuchukua alichoandika mgeni kwenye fomu na kukitumbukiza kilivyo ndani ya swali la hifadhidata. Alama moja ya kunukuu, na mgeni ameingia bila nywila. Nyumba gani nyingine inakaribisha hivyo? Amri za mysql_ tulizozitumia kwa kazi hiyo ziliondolewa katika toleo la 7, mwaka 2015, ila bado ninakutana nazo zikiwa hai, kwenye faili liitwalo login_mpya2_ya_mwisho.php.

Na watoto wake je? Facebook ilianzia hapo mwaka 2004. Wikipedia ya Kiswahili inaendeshwa na MediaWiki, ambayo ni PHP. WordPress, yenye zaidi ya asilimia 40 ya tovuti za dunia, ni PHP. Ushahidi, iliyozaliwa Kenya katika vurugu za baada ya uchaguzi, Januari 2008, ilisambazwa hadi Haiti kwenye tetemeko la 2010 ikiwa PHP. JamiiForums, ambako Watanzania wanagombana tangu 2006, inatumia programu ya PHP. Lugha zenye adabu zilikuwa wapi? Zilikuwa kikaoni, zikijadili usanifu.

Basi wewe mwenye duka ambaye risiti zako zinatoka na maandishi ya onyo juu ya jina la mteja, usikubali kuuziwa mfumo mpya. Weka nakala ya data yako nje ya kompyuta hiyo leo hii, kisha muulize fundi wako kama bado anatumia mysql_query. Akianza kukueleza historia, badilisha fundi. Lugha iache ilipo.