Maiki ya Nyumba Yenye Jogoo

Wewe mwenye familia utanielewa upesi: kwetu Mutuini, Nairobi, hakuna saa ya ukimya. Alfajiri ni jogoo, na ng'ombe wa jirani anayedai nyasi. Kukipambazuka, malori ya mifugo yanaelekea machinjioni Dagoretti, boda boda nyuma yake, halafu redio ya mama mkwe wangu, Shosho Taarifa, asiyepitwa na habari hata moja. Mvua ikipiga mabati, tunaongea kwa ishara.

Humo ndimo binti yetu, Kasuku, alimoamua kurekodi nyimbo zake, yeye na gitaa lake lisilo la umeme. Akataka maiki.

Shemeji yangu Injinia, aliyepata jina kwa kufungua pasi za watu, alitetea maiki ya kondensa. Na kweli, kondensa hunasa hata ukucha ukigusa uzi. Ndiyo maana studio huipenda kwa gitaa kama hili. Inahitaji umeme wa volti 48, unaotoka kwenye kile kisanduku cha kuiunganisha na kompyuta. Akaazima vyote, tukarekodi. Tulipocheza wimbo, Kasuku alisikika vizuri ajabu, na nyuma yake ng'ombe, Shosho akibishana na mtangazaji, na mke wangu jikoni akiuliza nani amemaliza sukari. Kila mmoja akataka arudishiwe pale aliposikika. Rekodi hiyo ipo mpaka leo. Shosho amekataza isifutwe.

Kasuku mwenyewe anampenda mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, aliyerekodiwa na Hugh Tracey kule Jadotville mwaka 1952. Anajifunza ule mtindo wake wa kidole gumba na cha shahada, uliowavutia wapiga gitaa wengi wa Kenya pia. Mimi ninachokipenda katika rekodi zile ni jinsi sauti na gitaa vinavyokaa pamoja bila kugombana. Nikamwambia hilo ndilo la kutafuta. Hakunijibu, alikuwa akimsikiliza mama yake.

Mama yake, Mkaguzi Mkuu wa nyumba hii, alikuwa ameshaamua: maiki ya dainamiki. Hoja yake ilikuwa moja tu, kwamba humu kila kitu huanguka, na dainamiki ni ngumu. Injinia akabisha mpaka chai ikapoa. Lakini dainamiki mbili za Shure, SM57 iliyotoka mwaka 1965 na SM58 iliyotoka mwaka 1966, bado zinauzwa. Hazihitaji zile volti 48, na husikia zaidi kilicho karibu. Mgongo wa dainamiki yetu hausikii sana, kwa hiyo tunaugeuzia redio ya Shosho.

Gitaa hurekodiwa kwanza. Maiki inawekwa shubiri moja hivi kutoka gitaani, ikielekezwa pale shingo inapoungana na mwili. Ikitazama tundu, besi inavuma na kumeza kila kitu. Kisha Kasuku anavaa spika za masikioni na kuimba juu ya gitaa lake, mdomo karibu kabisa na maiki. Ukutani zinaning'inia blanketi za kitanda changu ili sauti isirudi. Usiku huwa sikumbuki kuzidai.

Basi nawe unayeishi chini ya mabati na watu unaowapenda, anza na dainamiki. Ukienda barabara ya Luthuli mjini kununua, beba gitaa lako, na omba kuijaribu kabla hujalipa.