Barua ya Wazi kwa Wafutaji wa Matrekta

Waheshimiwa wajumbe wa kamati za kukagua mali chakavu, popote mnapokaa,

Hongereni kwa kasi ya kazi. Fundi wa kawaida huhitaji spana, nguo za kazi na nusu siku ili aseme trekta lina tatizo gani. Ninyi mnahitaji kikao kimoja chenye chai na sambusa, na jibu huwa lilelile: limezeeka. Hivyo ndivyo Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, kabla wengi wenu hamjazaliwa, inavyowekwa juu ya mawe nyuma ya karakana, ikaota majani mpaka kwenye usukani, kisha ikaingia kwenye orodha ya mnada. Sikatai kwamba ni zee. Ninachokataa ni uzee kuandikwa kwenye fomu kama ugonjwa. Injini yake ya dizeli ya Perkins, silinda 3, haina kompyuta ya kununa wala sensa ya kuleta umbea. Inataka kuzungushwa kwa nguvu, ipate hewa, ipate dizeli safi. Ikigoma kuwaka, mara nyingi kimojawapo kimekosekana, na hakuna hata kimoja kinachotibiwa kwa nyundo ya dalali.

Tena trekta lenyewe hujieleza, ila halijawahi kualikwa kikaoni. Ufunguo ukizungushwa pakawa kimya kabisa, kabla ya kuilaumu stata utazamwe kwanza mkono wa gia kubwa na ndogo, kwa sababu kuna swichi ya usalama inayokata umeme wa stata mkono huo usipokuwa huru. Stata ikizunguka kichovu, au ikagonga mara moja na kunyamaza, kwanza zikaguliwe betri, terminali zilizoota ukungu wa kijani, na waya wa ethi uliofungwa juu ya kutu. Injini ikizunguka vizuri lakini bomba la moshi lisitoe hata uzi, dizeli haifiki kwenye silinda. Huenda kivuta cha kuzimia injini kimebaki nje kwa kuwa kebo yake imekauka, na trekta zima linakwenda mnadani kwa kukosa matone ya oili. Ukitoka moshi mweupe bila injini kuwaka, dizeli inafika ila haiungui, na hapo ndipo maneno mazito ya kompresheni na ringi za pistoni yanaporuhusiwa kutamkwa. Fomu zenu zina nafasi ya sahihi za kila mtu, lakini hazina mstari hata mmoja unaouliza rangi ya moshi.

Ninayemwonea huruma zaidi ni mgonjwa huyo asiyetoa moshi, maana kosa lake mara nyingi huwa ni kuishiwa mafuta mara moja tu shambani. Dizeli ikikauka, mfumo unavuta upepo, na pampu ya injekta haiwezi kusukuma upepo ukafungua noseli. Mnaweza kumwaga tanki zima la dizeli mpya na bado trekta lisiwake. Dawa yake haina gharama. Hulegezwa skrubu ya kutolea upepo juu ya filta, kisha kijiti cha pampu ndogo ya mkono iliyo ubavuni mwa injini hupigwa taratibu. Hutoka povu, kisha mapovu makubwa, halafu dizeli tupu, na skrubu hukazwa ikiwa bado inamwagika. Kazi hiyohiyo hurudiwa kwenye pampu ya injekta, kisha nati za mabomba ya noseli hulegezwa kidogo huku stata ikizungushwa mpaka dizeli iteme. Kijiti kikiwa laini, hakina nguvu mkononi, pampu haijafa: kemu ya ndani imesimama mahali pabaya, na injini ikizungushwa kidogo kijiti hurudisha nguvu. Nimelieleza hili kwa kirefu makusudi, kwa sababu naamini kijiti hicho kimepeleka matrekta mengi kwenye chuma chakavu.

Sasa tuje kwenye dizeli yenyewe. Tanki likilala nusu tupu, unyevu wa hewa hugeuka maji usiku, maji hushuka chini ya dizeli, na asubuhi ndiyo yanayotangulia kwenda kwenye filta. Kulijaza tanki jioni kungepunguza tatizo, lakini najua taratibu zenu: mafuta hutolewa asubuhi, kwa kibali, kwenye dumu ambalo jana lilibeba kitu kingine. Uchakachuaji nao tunaujua. Mwaka 2011 Serikali ya Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuua faida ya kuyachanganya na dizeli, kwa hiyo ushahidi kwamba dizeli ilikuwa inachezewa umo kwenye bajeti ya taifa, si kwenye porojo za mafundi. Pampu ya injekta ya trekta hili hulainishwa na dizeli hiyohiyo inayopita ndani yake. Ukiichanganya na mafuta ya taa, unaisugua chuma kwa chuma, kisha unaandika kwamba umri umeimaliza.

Mtasema spea hazipatikani. Millat ya Pakistani na TAFE ya India zimeendelea kuunda matrekta ya ukoo huohuo, na filta ya aina hiyo haihitaji safari ya Ulaya. Mtasema yapo yaliyochoka kweli. Yapo, ringi zikiisha zimeisha, na pampu iliyolika haiombewi dua. Hayo pimeni kompresheni, andikeni kipimo, mfute kwa heshima. Mtasema mengi hayana fremu ya kumlinda dereva yakipinduka. Hilo ni kweli, nami naliunga mkono kabisa. Ila fremu hutengenezwa na kufungwa, na sijasikia likitajwa mpaka pale hoja ya kununua jipya inapoanza kupungukiwa pumzi.

Kuhusu hilo jipya, nina wasiwasi kwa niaba yake. Matrekta mengi ya kisasa husukuma dizeli kwa mgandamizo mkubwa mno, kupitia noseli zenye matundu madogo sana, na maji kidogo ambayo kwenye 135 huleta kikohozi, kwenye haya huleta ankara ya pampu nzima. Mgonjwa mnambadilisha, dumu lilelile mnalibakiza. Kongwa ililipia somo hili. Waingereza walipoanza mradi wa karanga huko mwaka 1947 waliingiza matrekta, mengine yakiwa mabaki ya vita, kabla ya mafundi, spea na karakana kutosha. Mradi ukatelekezwa mwaka 1951 na hasara ya pauni milioni 36 hivi. Nao walikuwa na kamati, nzuri tu.

Lakini kama sahihi zimeshapigwa, naomba jambo moja dogo. Tangazeni mnada wiki moja kabla, ili atakayelinunua trekta kwa bei ya chuma apate nafasi ya kutafuta betri yenye chaji, filta mpya na dumu safi la dizeli. Na lango la karakana liachwe wazi siku hiyo, maana hatakuja na lori la kulibeba.

Wenu mtiifu,
Mlipa kodi

Nakala: Dereva wa trekta