Waheshimiwa wa Getini

Ndugu zetu wa Goba, Dar es Salaam, wanaililia barabara yao kila masika. Gari likizama kwenye tope, wanauliza serikali iko wapi. Serikali ya mtaa ipo, jamani, chini ya mwembe, imeitisha mkutano. Waliofika ni wazee wachache, vijana wa bodaboda na dada wa kazi aliyetumwa kumwakilisha bosi. Bosi yuko ndani ya uzio wa umeme, anasubiri taarifa.

Mwenyekiti wa mtaa wake alichaguliwa tarehe 27 Novemba 2024, siku iliyotangazwa ya mapumziko. Bosi alipumzika kweli kweli. Jina la mwenyekiti atalitafuta siku benki ikidai barua ya utambulisho yenye mhuri wa mtaa. Hapo atamwita "mzee wangu", ashangae mzee hamjui.

Na mtaro wa barabara hiyo? Kila mwenye ukuta kausogeza kidogo tu, maji yakakosa pa kupita, yakabisha hodi sebuleni. Mbaya ni mkandarasi, bila shaka.

Tangazo la mkutano ujao limebandikwa dukani kwa Mangi. Bosi, safari hii njoo mwenyewe. Dada ana nguo za kufua.