Sifa za Apdeti Iliyokwama

Apdeti iliyofaulu haina adabu. Inapita kimyakimya, inamaliza shughuli zake, nawe unabaki hujui imebadili nini kwenye kompyuta yako. Iliyokwama inakusimamisha na kutaka mzungumze. Wa kuilaani ni wengi. Wa kuisifia sijamsikia, basi na nijitolee.

Nasema hasa juu ya kompyuta za nyumbani zenye Ubuntu na Debian, ambako kukwama kumepata malezi bora. Tazama ukarimu wake. Wewe umetaka kivinjari kipya tu, yenyewe inakutajia ukoo mzima: kivinjari hakiingii bila maktaba fulani ya msimbo, maktaba hiyo inataka toleo jipya la nyingine, na hiyo nyingine imezuiwa na programu ya printa uliyoiweka zamani ukaisahau. Nani mwingine angekukumbusha kwamba una printa?

Umeme ukikatika katikati ya kazi, na umeme wetu tunaujua, haijifanyi imemaliza. Ukiwasha tena na kuiita apt, msimamizi wa vifurushi vya programu, unaambiwa waziwazi kwamba dpkg, msaidizi wake anayevisakinisha, ilikatizwa, na unapewa hadi amri ya kuandika: sudo dpkg --configure -a. Ni fundi gani wa mtaani kwenu anayeacha kazi nusu kisha akakuachia maelezo ya kuimalizia? Tena haina tamaa. Vifurushi vilivyokwisha kushuka hubaki ndani ya /var/cache/apt/archives, kwa hiyo ukijaribu upya havili bando lako mara ya pili.

Wenye haraka wanailalamikia kufuli yake, lile faili la lock-frontend linalozuia programu mbili zisiguse vifurushi kwa wakati mmoja. Hulifuta, kisha hushangaa mambo yakiharibika kweli. Hao sina la kuwasaidia.

Halafu kuna /boot, sehemu ya diski inakokaa kerneli, yaani kiini cha mfumo. Waliogawa diski zamani waliitengea sehemu hiyo megabaiti mia kadhaa, wakaona zinatosha. Kila kerneli mpya inakuja na ya jana haiondoki, mpaka siku moja apdeti inagoma: hakuna pa kukaa. Andika df -h, utaona asilimia mia. Ni kero, sawa. Lakini kerneli hizohizo za zamani zilizokubana ndizo zitakazokuokoa siku ile mpya itakapokataa kuwaka, maana kwenye GRUB, menyu ya kuwashia kompyuta, utaichagua ya jana na kuendelea na maisha. Zisafishe kwa apt autoremove, ila usizimalize zote.

Anayedhani natania namletea shahidi. Mwaka 2021, Linus Sebastian, Mkanada mwenye chaneli kubwa ya YouTube, alitaka kuweka Steam, programu ya michezo, kwenye Pop!_OS, mfumo uliojengwa juu ya Ubuntu. Duka la programu likakataa. Kule kukataa kulikuwa huruma tupu, ila hakukuitambua. Akaenda kwenye terminali. Huko apt ikamwonya kwamba programu za lazima zitaondolewa, na kama kweli anataka, aandike sentensi nzima ya Kiingereza yenye maana ya “Ndiyo, fanya nisemavyo!” Akaiandika. Ikafanya alivyosema: eneokazi lote likang'oka, akabaki na skrini nyeusi yenye maandishi. Kosa la awali lilikuwa la kifurushi kilichotengenezwa vibaya, si lake, lakini kukwama kulimtetea mara mbili naye akaushinda utetezi wenyewe. Mwaka huohuo watengenezaji wa apt walibadili mambo: sasa sentensi ile haitoshi tena kuvunja mfumo. Yaani waliongeza kukwama! Ndivyo wanavyofanya watu wanaojua thamani yake.

Basi ikikwama kwako leo, usikimbilie flashi ya kuweka mfumo upya, na usibandike amri usiyoielewa kwa sababu mtu fulani ameapa kwamba kwake ilifanya kazi. Mstari wa mwisho kwenye terminali, ule unaosema tu kwamba dpkg imerudisha kosa namba 1, hauna habari. Panda juu kidogo. Jina la kifurushi kilichogoma mara nyingi liko hapo, na likikupotea, limehifadhiwa ndani ya /var/log/apt/term.log.