Sifa za Mwaliko Usiojibiwa

Miongoni mwa vitu vinavyodharauliwa katika maisha ya kiofisi ya karne hii, ni vichache vilivyosingiziwa mabaya mengi kama mwaliko wa kuunganishwa ambao haujajibiwa, yaani lile ombi ambalo mtu humpelekea mwenzake katika mtandao wa kitaaluma ili wahesabiwe kuwa wanafahamiana, nalo likabaki katika orodha ya yanayosubiri, halikubaliwi wala halikataliwi. Washauri wa ajira huliita uchafu na kuhimiza orodha ifagiliwe kila mwisho wa wiki, huku waungwana wakiliona kuwa deni la adabu linalozidi kukua. Hata hivyo, kusifu kisichosifika ni kazi yenye wahenga wake: Lucian wa Samosata alimsifu nzi, na Erasmus akausifu upumbavu katika kitabu kilichochapwa mwaka 1511. Ikiwa nzi alipata wakili, mwaliko unaosubiri, ambao hauambukizi ugonjwa wowote unaojulikana, una haki zaidi ya kupata wake.

Uwanja wake mkuu ni LinkedIn, mtandao ulioanzishwa na Reid Hoffman na wenzake mwishoni mwa mwaka 2002, ukafunguliwa kwa umma Mei 2003, ukanunuliwa na Microsoft mwaka 2016 kwa dola za Marekani bilioni 26.2, na mwaka 2023 ukatangaza kwamba wanachama wake wamepita bilioni moja. Wanachama hao hupangwa kwa ngazi: wa ngazi ya kwanza ni wale waliokubaliana, wa ngazi ya pili ni wanaofahamiana na hao wa kwanza, na wa ngazi ya tatu ni wanaofahamiana na hao wa pili. Mwaliko ndio njia ya kumtoa mtu ngazi za mbali na kumleta ya kwanza. Aliyealikwa anaweza kukubali au kupuuza, na akipuuza, mtumaji haletewi taarifa yoyote; asipofanya lolote kati ya hayo mawili, mwaliko hukaa pale hadi miezi sita, kisha ukakoma wenyewe bila tanzia. Kwa hiyo aliyepuuzwa, aliyesahauliwa na ambaye ombi lake halijafunguliwa kwa kuwa mhusika yuko likizo wote wanabaki katika giza moja, na hakuna anayeweza kumcheka mwenzake.

Katika giza hilo ndimo zinamopatikana fadhila za mwaliko, na watu wa pwani hawana haja ya kuelezwa sana, maana desturi ya posa imekwisha kuwafundisha. Barua ya posa hupelekwa kwa mkono wa mshenga, wazee wa binti huipokea kwa maneno mazuri, kisha husema kwamba watakaa watafute shauri, na muda huo wa kutafuta shauri, hata ukirefuka kupita kiasi, huwastahi wote wawili: binti hajamkana mtu, na kijana hajakanwa na mtu. Kijana ambaye barua yake haijajibiwa bado ni mkwe mtarajiwa, anaweza kutajwa vikaoni kwa heshima. Aliyejibiwa hapana ni kapera tu kama makapera wengine. Mwaliko unaosubiri humpa mtumaji wake hadhi hiyohiyo ya mkwe mtarajiwa, tena bila gharama ya kilemba, na mtandao humwongezea hata washenga, kwani chini ya jina lake huandikwa idadi ya watu ambao yeye na mwalikwa wanafahamiana nao, ingawa washenga wenyewe mara nyingi hawajui kwamba wametumwa.

Inafaa mwaliko mmoja utazamwe kwa karibu, kama mwanazuoni anavyotazama jani. Juu kuna picha ya duara ya mtu mwenye suti, aliyekunja mikono mbele ya ukuta wa vioo wa ofisi ambayo huenda si yake. Chini ya jina kuna cheo kilichogawanywa kwa vistari vya wima, ambapo mtu mmoja huwa mtaalamu wa mikakati, mzungumzaji wa hamasa, balozi wa mabadiliko na mkulima wa parachichi. Inafuata idadi ya wanaofahamika na pande zote mbili, na pembeni umri wa ombi, ambao unapofika miezi minne hutoa harufu ndogo ya lawama. Ujumbe binafsi kwa kawaida haumo, na pale unapokuwamo huwa ni salamu iliyonakiliwa, yenye jina la mwalikwa mwingine lililosahaulika kufutwa. Mwalikwa huutazama wote akiwa ndani ya daladala, kidole juu ya kioo cha simu, akajiambia kwamba ataushughulikia akifika nyumbani, na kwa kusema hivyo hujiona mtu mwenye shughuli nyingi na anayetafutwa sana, furaha ambayo angeipoteza mara tu baada ya kubonyeza.

Hoja ya kisayansi nayo ipo. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alieleza katika makala yake maarufu kwamba habari za kazi mpya humfikia mtu zaidi kupitia mafungamano dhaifu, yaani watu anaowajua kwa mbali, kuliko kupitia ndugu na marafiki wa karibu, kwa sababu hao wa karibu wanajua yaleyale anayoyajua yeye. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa kwa watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, ambao uliiunga mkono hoja hiyo. Basi kama fungamano dhaifu lina faida kuliko lenye nguvu, mantiki inadai kwamba fungamano ambalo halijafungwa kabisa liwe na faida kuliko yote. Ni kweli kwamba utafiti huo uligundua kuwa yaliyosaidia zaidi ni mafungamano yenye udhaifu wa wastani, na kwamba yaliyolegea kupita kiasi hayakufaa vilevile. Lakini mwandishi wa sifa hakuajiriwa kusoma jedwali hadi safu ya mwisho.

Fadhila ya usalama haina haja ya kutiwa chumvi. Aprili 2021 idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, MI5, ilitangaza kwamba Waingereza wasiopungua 10,000 walikuwa wamefuatwa na wasifu bandia wa majasusi katika mitandao ya kitaaluma kwa kipindi cha miaka mitano. Kevin Mallory, aliyewahi kuwa ofisa wa CIA, alifikiwa kwa njia ya LinkedIn na mtu aliyejidai kuwa mtafuta wafanyakazi, akaishia kuuza siri kwa Uchina na kuhukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 2019. Mwaka huohuo shirika la habari la Associated Press lilifichua wasifu wa mwanamke aliyeitwa Katie Jones, ambaye picha yake ilionekana kuwa imetengenezwa na kompyuta na ambaye hakuwepo duniani, lakini alikwisha kuunganishwa na watu wazito wa Washington, mmoja wao akikiri kwamba yeye hukubali kila ombi analoletewa. Katika mikasa yote hii mwaliko uliofanya madhara ni ule uliokubaliwa. Ule uliobaki unasubiri haujawahi kumpeleka mtu gerezani.

Kampuni yenyewe, kwa bahati mbaya, haikuithamini sanaa ya kusubiri. Kulikuwa na wakati ambapo mwanachama aliporuhusu kitabu chake cha anwani za baruapepe kisomwe, kila aliyealikwa kutoka humo na kunyamaza alitumiwa ukumbusho, na akizidi kunyamaza alitumiwa wa pili, zote kwa jina la mwanachama, ambaye watu walianza kumwona king'ang'anizi asiyejua kuona haya. Kesi ilifunguliwa California mwaka 2013, na mwaka uliofuata Jaji Lucy Koh akaona kwamba wanachama walikuwa wameridhia mwaliko wa kwanza, lakini madai kwamba hawakuridhia kumbusho zilizofuata yalikuwa na uzito wa kuendelea kusikilizwa. Mwaka 2015 shauri lilimalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 13. Labda hakuna kimya kingine cha kiofisi kilichowahi kukadiriwa kwa fedha nyingi kiasi hicho, na wanaokiita kimya hicho hasara wangefaa kuyasoma majalada ya mahakama.

Inabaki hoja ya wapenda usafi, ambao husema orodha isafishwe kwa pande zote mbili: iliyopokewa ijibiwe, na iliyotumwa ibatilishwe. Kuhusu ya kwanza, inatosha kukumbusha kwamba mtandao hauruhusu mtu awe na wafahamiwa wa ngazi ya kwanza zaidi ya 30,000, na kwamba wakishapita 500 wasifu huacha kutaja idadi kamili na kuonyesha 500 na alama ya kujumlisha, kwa hiyo anayekubali kwa bidii baada ya hapo anafanya kazi ambayo hata majirani hawaioni. Kuhusu ya pili, ni kweli kwamba akaunti yenye mialiko mingi mno isiyojibiwa inaweza kuzuiwa kwa muda kutuma mingine, na hilo huwatisha wauzaji wa bima na wenye semina. Lakini kubatilisha nako kuna sheria yake: anayeuondoa mwaliko wake hawezi kumpelekea mtu yuleyule mwingine hadi zipite kama wiki tatu, muda unaotosha kabisa kwa mwalikwa kupandishwa cheo na kuwa mgumu zaidi kufikiwa, na kwa mwalikaji kusahau alikuwa anamtakia nini.