Mdukuzi Akipiga Hodi, Mkaribishe Hivi

Wengi wanaoogopa kudukuliwa simu wameangalia filamu nyingi mno. Wanamfikiria kijana wa ng'ambo aliyejifunika kofia ndani ya chumba cha giza, herufi za kijani zinamiminika kwenye kioo. Kijana huyo yupo, ila hana haja na wewe. Pegasus, ile programu ya kampuni ya NSO ya Israel inayoweza kuingia simuni bila mwenyewe kubofya chochote, huuziwa serikali, na bei yake hata ukoo wako ukichanga mpaka wa upande wa mama hamtaigusa. Saizi yako wewe ni kijana aliyekaa chini ya mwembe na simu ya vitufe, laini nne na sauti ya upole. Huyo havunji kufuli. Huyo hupiga hodi, na sisi tumelelewa: hodi haijibiwi kwa ukali. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa ukarimu.

Tuanze na namba ya siri. Weka mwaka wako wa kuzaliwa, uleule uliouandika kwenye mtandao wa kijamii ili watu wakutakie heri. Ukiona aibu kutaja umri, ipo 1234. Kisha tumia hiyo hiyo kufungulia simu, kutolea pesa na kuingilia benki, kichwa kipumzike.

Namba ikishapatikana, usiifiche kama mchoyo. Jioni moja nilikuwa kwenye foleni ya wakala karibu na kituo cha daladala. Mbele yangu alisimama mama mmoja mtu mzima, kitenge begani, anataka kutoa elfu ishirini. Akakisogeza kisimu chake mbali na macho, akakisogeza karibu, mwisho akakipitisha dirishani. "Mwanangu, hebu niingizie wewe, miwani nimeiacha nyumbani." Wakala akamuuliza namba ya siri. Kwa kuwa feni ya kibandani ilikuwa inapiga kelele, mama aliitaja kwa sauti ya mnadani, tarakimu moja baada ya nyingine. Foleni nzima tukaangalia juu, kila mtu kana kwamba ameona mwewe, na kila mtu akaikariri bila kutaka. Kitambulisho changu cha taifa kina tarakimu ishirini na sijawahi kuzishika. Za yule mama nne ninazo mpaka leo. Wakala, kijana mwenye adabu, alimrudishia simu na ushauri: "Mama, hii namba kaibadilishe." Mama akacheka sana. "Aka! Halafu nikiisahau?"

Sasa subiri kupigiwa. Atakayepiga atajitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja, na atakuita majina yako yote matatu, mpaka la babu. Hapo ndipo wengi wetu tunaposalimu amri, maana mtu anayelijua jina la babu si mgeni tena. Kumbe alilipata dakika mbili tu zilizopita: alijifanya anakutumia pesa, jina lako likatokea kabla ya kuthibitisha, akalinakili, akaghairi. Usimuulize. Atakuambia kuna ujumbe umeingia wenye tarakimu sita, umsomee. Ujumbe wenyewe umeandikwa kabisa kwamba tarakimu hizo asipewe mtu yeyote, lakini maandishi hayo ni ya watu wenye roho mbaya. Msomee polepole, asikosee.

Baada ya hapo WhatsApp yako itakuwa mikononi mwake, na kundi la ukoo litapokea maombi: "Jamani nimekwama kidogo, anisaidie mtu laki, kesho asubuhi narudisha." Ndugu hawatashtuka, kwa sababu hata wewe huandika hivyo hivyo kila tarehe 20. Kuna kitu kwenye mipangilio ya WhatsApp kinaitwa uthibitisho wa hatua mbili. Unajiwekea namba yako nyingine, mgeni akija na zile tarakimu sita peke yake anabaki barazani. Kukiwasha ni kazi ya dakika moja. Una mambo mengi, acha.

Mwingine atakuomba ubonyeze nyota, nyota, ishirini na moja, nyota, halafu namba yake, halafu reli, "ili kuimarisha mtandao." Simu zako zote zitaanza kuita kwake. Mtandao kweli utaimarika, upande wake. Wenye wasiwasi hubonyeza *#21# kuangalia kama simu zao zinahamishwa kwenda kwingine, na ##002# kufuta uhamishaji wote. Ni watu wasiopenda kusaidiwa kupokea simu.

Kuhusu usajili wa laini nina jambo binafsi. Tulipohimizwa kusajili kwa alama za vidole, kabla laini zisizosajiliwa hazijaanza kufungwa mwezi Januari 2020, nilimwendea kijana wa mwavuli barabarani. Akaniwekea kidole kwenye kimashine. "Haijasoma, mzee. Tena." Nikaweka. "Jasho hilo. Futa, tena." Nikafuta kwenye suruali, nikaweka. Nikaondoka nikilaumu vidole vyangu. Miezi mingi baadaye nikabonyeza *106# kwa uvivu tu, nikaletewa orodha ya laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu. Zangu mbili zilikuwepo. Ya tatu siijui. Kidole kile kilikuwa kinasoma vizuri tangu mwanzo. Ilinibidi niende dukani kuikana ile laini kama baba anayekana mtoto. Na ile laini ingefanya utapeli, jina litokalo kwenye simu ya aliyetapeliwa lingekuwa langu, mpaka la babu yangu.

Ukiwa huna hela, pakua programu ya mkopo wa haraka. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali, kwa hiyo uchaguzi si haba. Itakuomba ruhusa ya kusoma majina yote uliyohifadhi simuni. Ruhusu. Ukichelewa siku moja kulipa elfu thelathini, habari zitamfikia bosi, mkwe na yule fundi bomba uliyemtumia mara moja mwaka juzi.

Masasisho ya simu yapuuze. Yanakula bando, na yanachofanya ni kuziba matundu tu. Fundi akikuambia, "Niachie na neno la siri, njoo kesho," muachie na picha zako zote ndani.

Na karibu kila simu hapa nchini imewahi kupokea hii: "Ile hela itume kwenye namba hii." Ujumbe huu ni kazi ya sanaa. Haukutaji jina, hauelezi hela gani, hauombi. Umeandikwa na mtu anayejua kwamba mahali fulani, saa hiyo hiyo, kuna mtu amesimama kwa wakala na hela ya kodi mkononi, anasubiri namba ya mwenye nyumba. Mwenye moyo mwema hutuma, halafu ndiyo anapiga simu kuuliza kama imefika.

Wenye moyo mgumu huupeleka ujumbe huo kwenye namba ya kuripoti utapeli, 15040, wakaulizwa namba iliyoutuma, wakaiandika. Wangu wa mwisho uliingia jana saa nne asubuhi. Namba iliyoutuma imesajiliwa kwa jina la bibi mmoja, na nina hakika hata bibi mwenyewe aliambiwa kidole hakijasoma.